Herufi Nne za Kahindo

Kasereka alifia katika salon yangu, chumba cha wageni, nyuma ya rido, pazia la kitambaa, na maneno ya mwisho tuliyosemezana yalikuwa juu ya mashini. Ninaandika kwa sababu ya maneno hayo. Kuandika si kazi yangu, shule niliacha primaire ya nne, na mjukuu wangu ndiye anayenisahihishia. Nimemwambia asahihishe herufi, maneno aniachie. Watu wengi wakisimulia mwaka uliowafundisha dunia wanataja mwaka wa ujana, wakiwa na kiuno chembamba. Mimi mwaka wangu ulinikuta na mvi tayari, mjane, nimezika wengi, nikidhani hakuna kitu kimebaki cha kunifundisha. Ni mwaka ule mulima wa moto ulipomwagika mara ya mwisho, na waasi ambao tulidhani wamekwisha wakaanza kusikika tena upande wa Rutshuru. Kasereka alikuwa mukwe wangu, mume wa Kahindo, mutoto wangu wa kike wa mwisho. Mwaka ule ndipo tulipoanza kuishi yeye na mimi chini ya paa moja hapa Katoyi, mjini Goma, jambo ambalo kwetu Wanande halifanyiki.

Nieleze hilo la kutofanyika, maana bila hilo hamutaelewa. Mama mukwe na mukwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Simwangalii machoni. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Chumba anacholala siingii, nikiwa na neno ninakohoa kwanza, halafu ninasema nikiwa nyuma ya rido. Na mutu na bibi yake hawalali pamoja katika nyumba ya mama wa huyo bibi. Hivyo nilikuta, hivyo nikashika. Watoto wangu waliniita Sheria. Waliniita hivyo wakiwa mbali kidogo, lakini masikio yangu ni mazuri.

Siku ya mulima ilikuwa Jumamosi. Kasereka na Kahindo walikaa upande wa juu, karibu na mulima, na atelie yake, karakana ya mbao, ilikuwa hapohapo kwa nyumba. Kwao umeme ulikuwa umekatika wiki mbili, na yeye alikuwa na kazi za watu, basi wakaileta mashini yake kwangu, wameilaza juu ya chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao, wanaume wawili wanasukuma, Kahindo nyuma anaishikilia kama mutu anayesindikiza mugonjwa. Ilikuwa meza ya chuma, kubwa kama kitanda cha mutoto. Juu yake kulikuwa na daraja linalokwenda na kurudi, na kwenye daraja imefungwa mota yenye kisu kidogo chini kinachozunguka. Kasereka aliiunda mwenyewe, miezi mingi, kwa vipande vya imprimante, mashini za kuchapa karatasi, zilizokufa za maofisi na reli alizochomelea. Unaandika kwa ordinatere, kompyuta yake, mashini inachonga kwenye mbao kile ulichoandika. Waliiweka katika salon yangu, nikaondoa viti viwili. Nilipika bugali, sombe na sambaza za kukaanga, Kasereka akala salon peke yake, Kahindo na mimi tukala jikoni.

Kahindo alipokuwa anaosha sahani aliniambia: "Mama, tulale hapa leo. Kasereka amechoka, kesho baada ya misa tutapanda pamoja."

"Hapana. Mmoja alale achunge mashini, mwengine arudi kwenu."

"Mama weye! Hata padri siku hizi amepunguza sheria."

"Padri hana mukwe."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafunga kitambaa. Sandali zake zilikuwa zimekatika njiani, akavaa zangu, za plastiki, za bluu, akaniambia kesho nitakurudishia. Ilikuwa saa kumi. Saa moja ya jioni mbingu upande ule ikawa nyekundu kama mutu amefungua mulango wa tanuru, na barabara ikajaa watu wanaoshuka na magodoro kichwani. Kasereka alipanda, peke yake, kinyume na watu wote. Alirudi asubuhi, nyusi zimeungua. Kahindo hakuwa naye. Nilimwekea maji ya kuoga nyuma ya mulango.

Siku zilizofuata ardhi ilikuwa inatetemeka mchana kutwa. Unaweka kikombe mezani, kinatembea. Ikaja amri mji uondoke, tukaenda Sake kwa miguu, mama mukwe mbele, mukwe nyuma hatua ishirini, tukalala katika darasa la shule na watu wa kila kabila. Tuliporudi, kufuli lilikuwa mahali pake, madirisha mazima, lakini mashini haikuwa tulipoiacha. Meza ilikuwa imesogea hatua nzima kuelekea mulango wa barabarani, miguu yake imechora mistari kwenye simenti, na kile kichwa cha mota, ambacho Kasereka alikifunga kwenye kona kwa kamba, kilikuwa katikati. Kamba ilikuwa chini. Kasereka akasema ni matetemeko. Mimi pia nikasema ni matetemeko. Tukairudisha, kila mutu ameshika upande wake, bila kuangaliana.

Kahindo hakuonekana. Mahali pa nyumba yao palikuwa jiwe jeusi linalotoa moshi, limepita juu ya paa, hata muti wa avoka wa jirani haujulikani ulisimama wapi. Watu walituletea habari. Mmoja alimwona mpakani, akivuka kwenda Rwanda. Mwengine alimwona juu ya lori la Rutshuru, amevaa sandali za bluu. Kasereka alikwenda kote huko. Wanaouza sandali za bluu Goma ni wengi. Mwezi ukapita, na wa pili.

Hapa niseme kitu ambacho nimesema mara moja tu maishani. Wakati wa uasi wa kwanza kaka yangu alitoka kununua chumvi, hakurudi. Mama yetu alimuwekea sahani kila jioni, chakula cha moto, kifuniko juu, na asubuhi anawapa kuku. Alifanya hivyo mpaka alipokufa, miaka kumi na tisa. Nyumba ile haikucheka tena, kwa sababu kila mutu aliyecheka aliangaliwa. Mimi niliapa kwamba sitakuwa mwanamuke wa sahani. Na nilijua ni nani aliyemwambia Kahindo arudi juu jioni ile. Kama amekufa, nimemwua kwa mudomo wangu, na mutu aliyeua hana ruhusa ya kujifanya hajui. Basi mwezi wa saba nilikohoa mbele ya rido nikamwambia Kasereka:

"Mukwe, chonga musalaba wa Kahindo. Tuusimamishe pale kwenye jiwe, tulie, tumalize kilio."

Nilisikia anaweka nyundo chini. Halafu: "Mama, hatujaona mwili."

"Mwili uko chini ya jiwe. Hatutauona."

"Na kama hauko chini ya jiwe?"

"Basi akirudi atauvunja apikie chai."

Kesho yake aliingiza ubao wa libuyu, mwekundu, mzuri, wa kutoka kwetu Beni. Aliuweka kando ya mashini, siku mbili hakuugusa.

Nilikuwa nimemkataza kuchafua nyumba. Tangu aanze kufanya kazi katika salon yangu nilimwambia mavumbi ya mbao sitaki kuyaona kwenye vitambaa vya viti, na yeye, kwa heshima, alinunua aspirateri ya zamani na kuifunga paipu ndefu ya plastiki mpaka kwenye kisu, inyonye kila unga unaotoka. Ilikuwa kiangazi, kikavu, majivu ya mulima bado yanaruka. Kazi zake zilikuwa ndogondogo: namba za milango, jina la saluni, vibao vya "Mbwa mukali". Dakika kumi, imekwisha. Mashini haikuwahi kusumbua.

Musalaba ulikuwa na maua pembeni kuzunguka kote, kisha jina katikati. Maua yalikwenda vizuri. Ikaandika K, ikaandika A, H, I. Hapo ikasimama. Nilikuwa jikoni, nikasikia sauti imebadilika. Daraja limekufa, haliendi mbele wala nyuma, lakini mota ilikuwa bado inazunguka palepale, inalia, na harufu ya mbao inayoungua ikaja mpaka kwenye maharagwe yangu. Kasereka alipoizima, baada ya ile I kulikuwa na tundu jeusi, la mviringo, kama jicho.

"Imeandika nini kwa ordinatere?" nikauliza kupitia rido.

"Inasema imefika mwisho wa meza. Lakini haijafika, Mama. Iko katikati."

Alichukua ubao wa pili. Maua, K, A, H, I, ikasimama, tundu jeusi. Kesho yake ubao wa tatu. Nilisimama jikoni na mwiko mukononi, ninahesabu herufi kwa sauti ya mota, maana nilikuwa nimeshazijua: K inakwaruza mara tatu, A inapanda na kushuka, H ni mistari, I ni fupi. Baada ya I nilifumba macho. Ikasimama.

Jirani yangu Mama Furaha, mutu wa Masisi, anayeuza maziwa na kila habari, aliangalia zile mbao tatu nilipoziegemeza nje, akafunga kitenge chake vizuri kama aliyeingia kanisani.

"Masika, mutoto anakataa."

"Mutoto alinikatalia mengi akiwa hai, na hata siku moja sikumsikiliza."

"Usicheze. Jina la mutu aliye hai haliandikwi kwenye musalaba. Angalia, mahali pamoja! Mara tatu!"

"Mama Furaha, leta maziwa, acha unabii."

Lakini jioni hiyo mutaa mzima ulijua. Watu walipita polepole mbele ya nyumba yangu. Mwanamuke mmoja nisiyemjua alipiga ishara ya musalaba mbele ya dirisha langu. Na mimi usiku sikulala, si kwa sababu ya roho. Nilikuwa ninamshuku Kasereka. Nilifikiri: huyu hataki, na kwa kuwa hawezi kuniambia sitaki, anaisimamisha mwenyewe, halafu anasingizia meza.

Basi asubuhi nikafanya kitu ambacho mama yangu angenipigia kofi. Nilisogeza rido bila kukohoa, nikaingia, nikachukua kiti, nikakaa mbele ya mashini, mukwe wangu akiwa amesimama na kaputura ya kazi.

"Anza," nikasema. "Na mikono uweke kichwani niione."

Aliweka ubao wa nne, muti wa bei rahisi. Akabonyeza. Akaweka mikono kichwani kama mutu aliyekamatwa na askari. Mara ya kwanza nilimwona vizuri: alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimeota nyeupe upande mmoja. Tukakaa hivyo dakika arobaini. K. A. H. I. Daraja likasimama. Mikono yake ilikuwa kichwani. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta, kwa sababu nilimwambia mikono abaki nayo juu.

"Shusha," nikamwambia. "Nimeona."

Niliinuka kuzima ile aspirateri iliyokuwa inapiga kelele, na nilipogusa paipu ikaniuma. Si kwa mfano, iliniuma, pa! kwenye kidole, na cheche ndogo ya bluu. Nywele za mukono zilikuwa zimesimama zote.

"Mukwe, paipu yako inauma."

"Mama?"

"Inauma. Shika."

Alishika, ikamuuma na yeye. Akabaki anaiangalia kama mutu aliyesikia jina lake linaitwa. Halafu akaanza kunieleza, mara ya kwanza aliongea nami zaidi ya maneno kumi. Unga mkavu ukikimbia ndani ya plastiki unazaa umeme, kama blauzi ya nailoni unapoivua. Umeme ule unajikusanya, polepole, hauna pa kwenda. Pembeni za meza alikuwa ameweka viswichi vidogo vya kuiambia mashini kwamba daraja limefika mwisho. Umeme wa paipu ukijaa unaruka, waya za vile viswichi zinaupokea, na mashini inadhani imegonga ukingo, inasimama ili isijivunje. Kazi fupi zilikuwa zinakwisha kabla paipu haijajaa. Musalaba ulikuwa mrefu.

"Na juu ya nini siku zote kwa herufi moja?"

"Ni kazi ileile, Mama. Inajaa kwa muda uleule."

Niliona kwamba nilitakiwa kufurahi.

"Lakini haiwezekani," akasema, "nilifunga la terre." Hivyo mafundi wanaita ule waya unaopeleka umeme mubaya ardhini. "Nilipiga chuma nje, nikafunga waya."

"Ulipiga wapi?"

"Pale karibu na ukuta. Siku nzima nilipiga, ni pagumu."

Nilimwangalia, heshima ikiwa imekwisha siku hiyo. "Mukwe, weye umezaliwa Butembo, kwenye udongo. Hapa ulipiga chuma ndani ya jiwe. Goma yote ni jiwe, mulima ulimwaga zamani, na zamani ya zamani. Udongo wa hapa tunanunua kwa gunia."

Katika parsele yangu, kiwanja hiki chote, udongo ulikuwa mahali pamoja tu. Ni tuta langu la lengalenga, ule mchicha wetu, nyuma ya nyumba, chini ya kasha la umeme. Magunia kumi na manne ya udongo wa Masisi niliyoyabebesha mwenyewe, ninayamwagilia kila asubuhi. Nilimwambia ang'oe chuma chake alete huku. Kiliingia kama kisu katika bugali. Akaongeza mukaa na chumvi, akazungusha waya wa shaba kwenye paipu yote mpaka kwenye meza ya mashini, akauleta nje mpaka kwenye chuma. Lengalenga zangu tatu zilikufa kwa sababu ya chumvi ile.

Kujaribu, ilitakiwa musalaba mzima, maua na jina. Alisimama mbele ya ordinatere, vidole haviendi.

"Andika langu," nikasema.

"Mama, hapana."

"Andika Masika. Ninataka kuona."

Nikaliona jina langu likitoka kwenye mbao, herufi baada ya herufi, unga ukinyonywa, M, A, S, I, K, na A ya mwisho, halafu daraja likarudi nyumbani kwake kwenye kona na kutulia. Haikusimama hata mara moja. Tulijaribu mara mbili nyingine, nzima. Salon ilikuwa na harufu ya muti mubichi. Nilibeba ile misalaba yangu mitatu jikoni nikaipasua kwa shoka, nikapikia maharagwe. Mama Furaha aliposikia hakunywa hata maji kwangu kwa wiki mbili.

Basi tukajua. Haikuwa roho, haikuwa mutoto anakataa, ilikuwa plastiki, jiwe na kiangazi. Kilichobaki ni kumaliza kazi. Na hapo shangazi yake Kasereka akafika kutoka Butembo. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imeanza kuwa mbaya, alizunguka kwa Uganda siku tatu. Shangazi Kanyere alikuwa mutu mzuri, mwenye rozari na sauti ya kuamuru, tulielewana. Alikuja kwa jambo moja: kilio kimalizike, ili mutoto wao aoe tena. Binti walikuwa wamekwisha kumwona. Aliniambia jikoni, tukichambua mchele: "Masika, mutu hawezi kukaa kwa mama mukwe kama mzigo uliosahauliwa kwenye depo. Kesho musalaba, kesho kutwa misa, Jumatatu ninarudi naye." Nikamjibu kwamba ana haki. Nilisema hivyo, na nilikuwa ninamaanisha.

Asubuhi Kasereka alifunga ubao wa libuyu, wa mwisho aliokuwa nao. Shangazi alikaa kwenye kiti kikubwa, rozari mapajani. Mimi nikaenda jikoni. Mashini ikaanza maua. Nimesema nilikuwa ninajua sauti zake. Maua yalichukua muda mrefu, na mimi nilikuwa ninapepeta mchele uliokwisha kuwa safi. Ikaja K. Nikaona mikono ya Kahindo kwenye sahani zangu, siku ile. Ikaja A. Nikasikia, padri siku hizi amepunguza sheria. Na nikafikiri: sasa itapita. Hakuna tena cha kuizuia, nimeitengeneza mimi mwenyewe kwa udongo wangu. Itaandika N, D, O, na mutoto wangu atakuwa amekufa kwa mudomo wangu mara ya kwanza na kwa mukono wangu mara ya pili.

Niliweka ungo chini. Nilitoka mulango wa nyuma kana kwamba ninakwenda kuchuma mboga. Kasha la umeme liko ukutani, juu ya tuta, na ndani yake kuna kile kipini cheusi kinachokata nyumba nzima. Nilisikia H, mistari yake. Nilifungua kasha. Nilisikia I, fupi. Nikainua mukono.

Mashini ikanyamaza.

Mukono wangu ulikuwa hewani. Kipini kilikuwa juu, sikukigusa. Kwanza nikadhani umeme wa mji umekatika, lakini taa ya baraza iliyosahauliwa ilikuwa inawaka, na redio ya Mama Furaha nyuma ya ukuta ilikuwa inaendelea na matangazo ya vifo. Aspirateri pia ilikuwa inavuma. Kilichonyamaza ni daraja na mota, vyote viwili kwa pamoja. Zamani mota haikusimama kamwe, iliendelea kuzunguka na kuchoma. Sasa palikuwa kimya pale kwenye kisu, kimya safi. Nikafunga kasha. Nikachuma lengalenga ili nisiingie mikono mitupu.

Ndani, Kasereka alikuwa amesimama mikono nyuma, kama inavyotakiwa mbele ya wakubwa. Shangazi alikuwa ameinuka. Kwenye ubao kulikuwa na maua, na K, A, H, I, safi, bila tundu jeusi. Kisu kilikuwa kimeinuka kidogo juu ya mbao, mahali ambapo N ilitakiwa kuanza.

"Hakuigusa," Shangazi akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Masika, nilikuwa ninamwangalia. Hakuigusa."

Nilimwangalia Kasereka machoni, mara ya pili maishani. Naye aliniangalia. Nikafikiri: ameibonyeza kwa nyuma, mwongo huyu, Mungu ambariki. Nikasema tu, "Chakula kiko tayari." Shangazi hakutaka tuijaribu tena. Alikunja nguo zake siku hiyohiyo, na mulangoni akanishika mikono yote miwili. "Nitawaambia wamwache kwanza. Nyumba hii iko na mutu." Akaondoka bila kijana wake.

Hatukufanya kilio, wala musalaba hatukuupeleka kwenye jiwe. Ubao ule ulikaa nyuma ya mulango wangu. Sahani sikuweka, niseme hilo wazi, hata siku moja. Mashini ilifanya kazi miaka mitatu na zaidi katika salon ileile, milango, vitanda, vibao, kazi fupi na ndefu, haikusimama tena. Waasi walipoingia mjini na mabomu yakipita juu ya Katindo, tulilala chini ya ile meza ya chuma siku mbili, yeye kichwa upande huu, mimi upande ule, na hapo tulikula sahani moja, kwa vidole, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine. Hakuoa. Watu walisema mengi. Alininunulia dawa za tension, presha yangu, nami nilimfulia.

Mwaka huu figo zikamkataa. Jioni ya mwisho nilikohoa, kwa mazoea, nikakaa upande wangu wa rido na kikombe cha uji.

"Mama," akasema, "siku ile ya Shangazi. Sijawahi kukushukuru."

"Kwa nini?"

"Kwa kuizima. Nilikuona kupitia dirisha unaelekea kwenye kasha. Nilijua hautaweza kuliacha jina liishe."

Uji ulikuwa wa moto mukononi, nakumbuka niliuweka chini.

"Kasereka. Mimi sikuizima. Nilifika, lakini sikugusa. Ni weye uliizima."

Nilisikia anapumua. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko cha mutu ambaye kifua hakimruhusu.

"Mikono yangu ilikuwa nyuma," akasema. "Nilikuwa ninaisubiri ile N. Nilikuwa nimekubali."

Nikasogeza rido. Sikukohoa. Tukabaki tunaiangalia mashini, yeye na mimi, imefunikwa shuka lake, mpaka giza likaingia, na hakuna aliyewasha taa.

Alikufa alfajiri. Aliomba jina lake lisichongwe na mashini. Nilimpata muzee mmoja hapa Katoyi anayechonga kwa patasi, nikampa ule ubao wa libuyu uliokuwa nyuma ya mulango, aandike KASEREKA upande wa nyuma. Tulipousimamisha makaburini niliugeuza mwenyewe, jina lake liangalie njia, na ule upande mwengine uangalie mulima. Watu wakizunguka wanasoma zile herufi nne na nafasi iliyobaki, wananiuliza ni neno gani. Ninawaambia bado linaandikwa.